Boksi ya batri iliyotolewa pepo

Vifaranga 7 vilikuwa vimeshapotea kwa mama bayeri, yaani mwenye nyumba wetu hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, Kongo, na kila kimoja kikipotea anatuangalia sisi wapangaji kama vile tuko na manyoya mdomoni. Mimi ndo nikajifanya mtu wa akili. Nilikuwa na kamera ya mtego, zile wanafunga kwenye mti, mnyama akipita inapiga picha yenyewe, mzungu mmoja aliyekuwa anafuata magorila huko kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega aliniachia siku anarudi kwao. Nikasema huyu mwizi tutamuona uso.

Shida ni kwamba ile kamera inakula pile 8, yaani betri zile ndogo za saa ya ukuta, na pile nazopata mimi sokoni unaweka jioni, saa sita ya usiku zimekufa. Lakini pile 8 ukizipanga ni volti 12, na chini ya kamera kuna katundu ka kuchomeka batri ya nje ya volti 12. Batri niko nayo! Nilitoa kwenye ondileri iliyoungua, ile mashine inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, nzito kama tofali. Kilichobaki ni kuitafutia nyumba isiyoingiza mvua, na mvua ya Bukavu mnaijua, haiombi ruhusa.

Wenzetu wa Marekani wanatumia boksi ya chuma ya risasi za jeshi, ina mpira kwenye mfuniko, haipitishi hata pumzi. Sawa kwao. Mimi nipande ngazi za Kadutu na boksi ya risasi kwapani? Nikachukua boksi ya plastiki ya dada yangu ya kuwekea sombe, yaani kisamvu, yenye vifungo pande 4. Nikatoboa tundu juu ya mfuniko, nikapitisha waya, nikaziba na silikoni, nikalala kama waziri.

Asubuhi batri inaogelea. Maji yalifuata waya kutoka kwenye kamera, yakateremka taratibu mpaka kwenye tundu, yakapita palipobaki upenyo kama unywele. Na kwa sababu boksi haivuji, yakiingia hayatoki tena. Nilikuwa nimetengeneza bwawa la samaki.

Mara ya pili nikafanya kwa heshima. Tundu nikaliweka ubavuni, karibu na chini, na waya nikauacha uning'inie kwanza, uende chini kuliko tundu halafu ndo upande kuingia, hapo tone la maji linaangukia udongo badala ya kuingia kwangu. Silikoni nikapaka kidole kizima. Ilikuwa ile inayonuka siki, siku 2 parsele yote, yaani ua wetu mzima, inanuka kachumbari. Kwa unyevu wa ndani zinatakiwa zile paketi ndogo za kwenye boksi ya viatu zilizoandikwa usile. Sina viatu vipya tangu lini! Nikakaanga mchele kavu kwenye sufuria, nikaufunga kwenye kitambaa, na kitambaa kilichokuwepo ni kipande cha kitenge chekundu, nikakaza na uzi mweusi. Boksi nikaipaka masizi isionekane, nikaificha chini ya mti wa avoka, nikafunika na majani ya migomba. Usiku, ili mwizi asinione.

Sasa someni tena hayo niliyofanya, lakini kwa macho ya mama bayeri.

Mvua ilipiga usiku 3, boksi haikuingiza hata tone. Siku ya nne nasikia kelele uani, natoka na kandambili moja, nakuta parsele imejaa watu, na boksi yangu iko katikati kama maiti. Jogoo ndo aliichakura. Mfuniko uko wazi, kile kifurushi chekundu cha mchele kiko nje, na harufu ya siki bado inatoka. Mama bayeri ameshika kichwa: "Mchele! Wamefunga riziki yangu kwenye mchele! Ndo maana vifaranga vinaisha!"

"Mama, ni batri tu, ni ya kamera..."

"Weye nyamaza. Kamera inakula mchele?"

Hapo kweli sikuwa na jibu.

Pasta alikuwa ameshaitwa. Akafika na bido la lita 5 la maji ya chumvi yaliyoombewa. Nikapiga kelele, "Pasta, usimwage, kuna moto humo!" nikimaanisha umeme, na hilo ndo lilikuwa kosa langu kubwa, sababu watu wote walisikia mwenyewe nakiri kuna moto humo. Akamwaga.

Kwa wasiojua: maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana. Batri ikaanza kuchemka. Povu huku, povu kule, inafanya tsssss, maji yakageuka kijani, na harufu ikabadilika kutoka siki ikawa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mama mmoja akaanguka chini. "Anatokaaa! Pepo anatoka!" Wimbo ukapanda, ngoma sijui ilitoka wapi, na mimi natafuta kijiti nivute waya kabla batri haijafa kabisa, wao wanaona pepo ananirukisha, wakanishika watu 4 wakaniombea na mimi.

Batri ilikufa. Kadi ya kamera ikapona. Usiku nikaitia kwenye simu: picha 200 na kitu za majani yakitikisika, pasta ananyanyua bido, na katikati yao moja safi kabisa, nyeupe na nyeusi: Ministre, paka wa mama bayeri, kifaranga mdomoni, macho yanawaka kama taa za Fuso.

Nilitaka kumwamsha mama saa ileile. Halafu nikaona pale chini ya picha. Batri ilipozama mara ya kwanza saa ya kamera ilirudi mwanzo, na mimi sikuirekebisha. Tarehe imeandikwa 01/01/2016. Ministre amezaliwa mwaka jana, chini ya kitanda cha mama bayeri, yeye mwenyewe ndo alimkata kitovu.