Mombasa na Amsterdam: hatari haiko pale tunapoiangalia

Sisi wapenzi wa jinsia moja tunaoishi Uholanzi, tukipanga kwenda Mombasa, swali linalotutangulia ni moja: tukitembea Mji wa Kale, watu watatutazama vipi? Naona swali hilo halijakaa mahali pake. Mitaa yake, Ndia Kuu na Kibokoni, haina neno na wanaume wawili wanaotembea bega kwa bega, wala wanawake wawili waliovaa buibui. Shida iko ndani ya simu, kwenye daftari la wageni la hoteli, na mbele ya jamaa zetu wenyewe. Na mambo yakiharibika, anayeumia zaidi ni mwenyeji tuliyekuwa naye, maana sisi tuna tiketi ya kurudi.

Amsterdam karatasi zote ziko upande wetu. Ndoa za kwanza za jinsia moja duniani zilifungwa pale tarehe 1 Aprili 2001, na meya Job Cohen ndiye aliyezifungisha. Mwaka 2023 mwelekeo wa kimapenzi uliandikwa katika kifungu cha 1 cha katiba. Kando ya kanisa la Westerkerk kuna Homomonument ya mwaka 1987, ukumbusho wa wapenzi wa jinsia moja walioteswa, pembetatu za mawe ya waridi, moja ikiteremka kwa ngazi mpaka kwenye maji ya mfereji. Polisi wana kikosi chao, Roze in Blauw, cha kusikiliza walioshambuliwa. Hata hivyo, wanaume wengi wakishikana mikono huachana giza likiingia, kwa sababu kule mikono miwili ya kiume iliyoshikana ina maana moja tu. Aprili 2017 wapenzi wawili walipigwa Arnhem wakiwa wameshikana mikono, hata wanasiasa wakaingia bungeni The Hague wameshikana vivyo hivyo kuonyesha wako pamoja nao.

Pwani yetu ni kinyume chake. Wazee wawili wakitoka msikitini wamefungana vidole, mmoja akimweleza mwenzake habari za mirathi, hakuna anayegeuza shingo. Muuza kahawa akipita na dele lake, vijana watano wamebanana kwenye baraza moja, miguu ya huyu juu ya paja la yule. Mguso wa aina hiyo Ulaya hatuupati, na wengi wetu tunaukosa kuliko tunavyokiri. Lakini tusiuite uhuru. Ni nafasi inayotolewa kwa urafiki. Siku itakapotajwa kwa jina jingine, inafungwa. Kubusiana hadharani hakufai hata kwa mume na mke.

Sheria nayo ipo, na haimjali mwenye pasipoti ya rangi gani. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza, kinaadhibu ngono inayoitwa "kinyume cha maumbile", na adhabu yake inafika miaka 14 jela. Cha 165, kinachotaja wanaume peke yao, kinafika miaka 5. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Upande wa pili, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa iliamua tarehe 22 Machi 2018 kwamba kumlazimisha mtu kupimwa sehemu ya haja kubwa ili kutafuta ushahidi ni kinyume cha katiba. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema shirika la kutetea haki zetu, NGLHRC, lina haki ya kusajiliwa. Majaji watatu dhidi ya wawili. Ushindi huo ulileta hasira nyingi, yakiwemo maandamano Mombasa na mswada wa mbunge Peter Kaluma wa kuongeza adhabu. Anayekwenda sasa asidhani hali ni ile ya kabla ya 2023.

Sasa simu, ambako ndiko watu wanakoumia. Mtego huwa na hatua zinazofanana. Mtu anakuandikia kwenye programu ya kutafuta wapenzi, baada ya maneno machache anataka mhamie WhatsApp, kisha anaomba picha yenye uso. WhatsApp anataka kwa sababu inampa namba yako, na namba humfikisha kwenye jina lako la M-Pesa. Miadi anaipanga kwenye nyumba usiyoijua. Ukishaingia, wanakuja wawili au watatu wanaojiita polisi, wanachukua simu, wanapiga picha za mazungumzo, halafu wanataka pesa utume hapo hapo. Ukilipa mara moja, watarudi wiki ijayo wakiwa na majina ya ndugu zako.

Kinga yake ni ya kazi ndogo ndogo. Zima kipimo cha umbali kwenye programu hizo, au bora uziondoe kabla ya safari. Nunua laini ya pili, weka M-Pesa yenye pesa za siku moja tu, kwa sababu muamala mmoja unaweza kufika shilingi 250,000 na mwenye kukutisha anajua hilo. Mtu usiyemjua, kwanza mpigie simu ya video, kisha mkutane mchana mahali penye watu, kama bustani ya ufukweni ya Mama Ngina au mkahawa wa mtaa wa Nyali, na mwenzako ajue uko wapi na saa ngapi utampigia. Kama umelazimishwa kutuma pesa, ujumbe wa muamala upeleke kwa namba 456 mara moja ili uombe urejeshewe. Mara nyingi hufeli kwa kuwa mpokeaji keshatoa pesa, lakini ujumbe wenyewe usiufute, ndio ushahidi.

Ukikamatwa na polisi wa kweli, kifungu cha 49 cha katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Nyamaza kweli. Watu huharibu kesi yao wenyewe kwa kujieleza, na zaidi kwa kufungua simu ili "kuonyesha hakuna kitu". Namba ya wakili ikariri kichwani au iandike kwenye karatasi, maana simu itakuwa mikononi mwao. Na mwenye uraia pacha asitegemee sana ubalozi wa Uholanzi: ndani ya Kenya yeye ni Mkenya.

Malazi ni mepesi kuliko tunavyohofia. Wanaume wawili kulala chumba kimoja chenye vitanda viwili ni kawaida ya wasafiri wa kazi. Omba vitanda viwili na usitoe maelezo ambayo hujaulizwa. Kinachoponza ni mgeni wa usiku. Mapokezi wataandika kitambulisho chake kwenye daftari, na daftari hilo litabaki na jina lake wewe ukiwa umesharudi Amsterdam. Kwa aliyebadili jinsia, ajue kuna kukaguliwa mwili kwenye stesheni ya reli ya SGR na milango mingi mikubwa, na wakaguzi wamegawanywa wanaume na wanawake. Picha ya pasipoti isiyofanana na uso hukuingiza kwenye maswali mbele ya foleni nzima, kwa hiyo kuibadilisha kabla ya safari ni gharama inayofaa.

Nyumbani kwa jamaa, simu hupita mkono kwa mkono ili watu waone picha za ng'ambo. Picha za harusi yenu ziwe zimetoka kwenye simu hiyo, na kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyounganishwa nayo, kabla hamjapanda ndege.

Dawa: kuwa na virusi vya UKIMWI hakukuzuii kuingia Kenya. Beba vidonge kwenye chupa zake zenye maandishi ya daktari, kwenye mkoba wa mkononi, vya siku kadhaa zaidi ya safari. Dawa ya dharura ya kuzuia maambukizi (PEP), kwa aliyekuwa hatarini kuvipata virusi hivyo, ianzwe ndani ya saa 72 na imezwe siku 28. Baadhi ya kliniki zilizotuhudumia bila maswali zilifungwa Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, kwa hiyo uliza watu wa huko kwanza.

Hao watu wapo. PEMA Kenya, shirika la Mombasa, limekuwa likikaa na maimamu na wachungaji kuzungumza nao, kazi ya subira ambayo sisi wa Ulaya hatuwezi kuifanya kwa niaba yao. Ukikaribishwa nao, usipige picha ya nyuso wala ya mlango, usiandike mtaa, na usiweke chochote mtandaoni hata baada ya kurudi. Mazungumzo yenu yafute pande zote mbili, siyo upande wako tu. Ukiwa na pesa za kuchangia, ulizia mfuko wa mawakili na nauli ya kumhamisha mtu usiku wa dharura. Hivyo ndivyo vinavyoisha kwanza.