Mtoto aulizwe nini kuhusu ufukwe wa kesho?

Shindano la kuchora "utalii wa mwaka 2050" huharibiwa na zawadi. Mtoto akishajua kuna zawadi, anachora anachodhani mwalimu anakitaka: maghorofa ya vioo, treni chini ya bahari. Kusanya karatasi 40 za namna hiyo, hutapata wazo hata moja la Paje wala Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja. Utapata Dubai mara 40.

Wanaopinga kuwashirikisha watoto katika kupanga utalii huanzia hapo, na wana hoja. Mtoto hajui gharama ya kuchimba kisima, wala maji taka ya hoteli yanaishia wapi. La uzito zaidi, watoto hugeuzwa pambo: wanaimba, wanapigwa picha, kumbe ramani ya viwanja imeshapitishwa.

Palau, visiwa vya Pasifiki, waliuliza vingine. Mwaka 2017 watoto walisaidia kuandika ahadi inayogongwa kama muhuri kwenye pasipoti. Mgeni anaitia saini anapoingia nchini, akiwaahidi watoto wa Palau kwamba hatachukua asichopewa. Hawakuombwa mpango wa hoteli, waliombwa adabu za mgeni, na adabu mtoto anazijua, kwani ndizo anazokaripiwa kutwa nzima.

Kwa pwani ya mashariki ya Unguja, kutembea kunafaa kuliko kuchora darasani. Chukua watoto wa miaka 9 hadi 12, watano watano, kila kundi na mtu mzima mmoja asiye mwalimu wao. Nendeni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakiwa yamekupwa, ndipo vijiti na kamba za mwani huonekana pamoja na njia wanazopita kinamama. Nusu kilomita inatosha. Wape ramani ya mkono na kalamu mbili: nyekundu watie wanapozuiwa au wanapoogopa, kijani wanapocheza. Mwisho waulizwe swali moja tu: ukifika miaka 20, hapa utakuwa unafanya nini?

Zoezi hili nalo lina mitego. Ukienda maji yamejaa, nusu ya mambo imefunikwa. Wasichana wakichanganywa na wavulana wengi wao hunyamaza, kwa hiyo watenganishwe. Majina yasiandikwe, umri na jinsia vinatosha, maana alama nyekundu inaweza kuwa inamhusu mtu anayejulikana kijijini. Tena mtoto hawezi kusemea asichokiona: wapo wanaoishi hatua chache kutoka baharini ambao hawajawahi kuvaa miwani ya kuzamia. Chumbe, kisiwa cha hifadhi karibu na Unguja, wameliona hilo, na mapato ya wageni wa kisiwa hicho huchangia ziara za wanafunzi kwenye matumbawe.

Habari ya mabomba na mikopo tuwaachie wahandisi na benki. Lakini ramani saba zikitiwa nyekundu pale pale, kwenye kichochoro kati ya kuta mbili za hoteli, sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ana cha kuweka mezani kikaoni. Ndani ya mwezi mmoja watoto warudishiwe jibu, hata likiwa "hapana", la sivyo mwaka ujao watachora maghorofa ya vioo.