Hodi iliyokosa karibu katika Leave the World Behind

Stima ilipopotea nchi nzima jioni ya Jumapili, Desemba 10, 2023, filamu ya Sam Esmail, Leave the World Behind, inayoonyesha Marekani ikizimwa na mshambuliaji asiyetajwa jina, ilikuwa na siku 2 tu Netflix. Kwenye ploti yetu hapa Nairobi, waliokuwa wameshaitazama wakaanza kuulizana gizani: je, Obama alikuwa anatuonya? Swali halikuzuka hewani. Kampuni ya Barack na Michelle Obama ilishiriki kuitengeneza filamu hiyo, na Esmail amesema Obama alimtumia maoni kuhusu mswada. Hata hivyo, kumtafuta mshambuliaji ndiko kulikowafanya watu wengi waikose filamu yenyewe.

Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki na watazamaji wa filamu, takriban robo tatu ya wahakiki waliisifu. Watazamaji wa kawaida walioridhika ni kama thuluthi moja. Nimeona pengo hilo likitolewa kama ushahidi kwamba wahakiki wanajifanya wajuzi, nami nadhani linasomwa vibaya. Robo tatu si sawa na alama 75 kwa 100. Kinachohesabiwa ni wangapi walisema ndiyo, na aliyekubali shingo upande anahesabiwa sawa na aliyependa kwa moyo wote. Ile thuluthi nayo ina hadithi yake. Mtu amekaa zaidi ya saa mbili akingoja kuambiwa nani ameishambulia Marekani, halafu mwisho anaonyeshwa msichana akianza kutazama kipindi cha mwisho cha Friends, tamthilia ya vichekesho. Atatoa alama gani?

Hasira yake ina haki. Kulungu wanakusanyika uani, kijana anang'oka meno, kelele inapasua masikio, na aliyefunga mafundo hayo yote ana deni la kuyafungua. Wale kulungu mimi mwenyewe sijaona walikuja kufanya nini. Maelezo ya G.H., mwenye nyumba ambamo hadithi inatokea, kwamba nchi hutengwa kwanza, kisha huvurugwa, kisha huachwa ijipige yenyewe, yanakuja mwishoni na kwa haraka mno.

Lakini turudi kwenye ule usiku wa kwanza. G.H. na binti yake Ruth wamefika kwenye nyumba yao wenyewe, ambayo Amanda na Clay wameikodi kwa likizo. Mwanamume mweusi aliyevaa suti ya sherehe anasimama mlangoni na kueleza kwa upole kwamba nyumba ni yake. Amanda anataka kitambulisho. Baadaye G.H. anafungua kabati la vinywaji kwa ufunguo wake, na bado Amanda hajatulia. Hapo hakuna bomu wala meli iliyopanda ufukweni, nami hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Halafu Clay barabarani. Mwanamke anamlilia kwa Kihispania na kugonga kioo cha gari. Clay haelewi neno, anapandisha kioo, anaondoka. Hata Danny, anayemfahamu G.H., anatoa dawa ya mtoto mgonjwa baada tu ya bunduki kuelekezana. Esmail amekuonyesha nchi ikianguka mlango kwa mlango. Jina la adui lingetupa nafasi ya kumlaumu mtu wa mbali, na nyuso hizi tungezisahau kabla hatujazima televisheni. Ndiyo maana naona alifanya vyema kulificha, hata kama aliikosea subira ya waliongoja.

Sisi tuna neno la mlangoni, hodi, na jibu lake ni karibu. Usiku ule wa Desemba, kabla sijaitazama filamu, mlango wangu uligongwa. Nilijibu "Nani?" mara mbili, tochi ya simu mkononi. Alikuwa mama wa ghorofa ya chini, tunayesalimiana kila asubuhi, akiomba mshumaa. Nilimpa 2. Nilimpitishia kwenye upenyo, mnyororo ukiwa bado umefungwa.