Kofia ya tangi la samaki: rangi iulizwe mwisho

Kila anayechongesha kofia ya mbao ya kufunika tangi la samaki huuliza kwanza: ndani nipake rangi gani? Kwa maoni yangu swali hilo linakuja mapema mno. Kofia nyingi zilizooza zilipakwa rangi nzuri tu. Maji yaliingia kwenye kichwa cha mbao, pale msumeno ulipokata nyuzi, au kwenye tundu la skrubu iliyopigwa baada ya rangi kukauka. Fungua kofia iliyokwisha kuharibika uangalie: katikati ya ubao rangi bado inang'aa, kwenye kona imevimba, na ukiibonyeza kwa ukucha inatoa maji.

Huku nyanda za juu kusini shida ni kubwa kuliko Dar. Mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Nyasa, wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Alfajiri ya Julai, sebule ya Mbeya au Makete isiyo na moto inaweza kuwa chini ya nyuzi 15. Mvuke unapanda kutoka kwenye maji ya uvuguvugu, unakutana na ubao wa baridi, unageuka matone, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Pwani tofauti hiyo ya joto ni ndogo, ndiyo maana ushauri wa huko ukiufuata huku unakuangusha. Kabla ya kufikiria kopo la rangi, weka kioo cha milimita 4 juu ya tangi, chini ya kofia, kisha acha mgongo wa kofia wazi au ukate mwanya wa sentimita 5 kwa urefu wake wote. Kofia iliyofungwa pande zote hakuna rangi itakayoiokoa.

Mbao tunazo, Sao Hill iko jirani. Ila paina inayouzwa Mafinga mara nyingi bado mbichi, na ukipaka rangi juu ya mbao mbichi unafungia maji ndani. Zipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao, na upime kipande kimoja kwenye mzani kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki 2 mfululizo, anza kazi. Zile za kijani zilizotiwa dawa waachie wapauaji: dawa yake ina shaba, na shaba ikidondokea kwenye maji inamaliza konokono na kamba wadogo. Oili chafu isikaribie. Dawa ya mchwa ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu nyingi ni ndugu wa pareto, na pareto, zao ambalo wakulima wa huku wanalijua vizuri, haimdhuru sana binadamu lakini samaki inamuua kwa kiasi kidogo mno. Mwambie fundi mapema, maana wengine huipaka kwa mazoea bila kuuliza.

Kwenye utaratibu ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Kata kila kitu, toboa kila tundu (la bawaba, la taa, la waya, la bomba), jaribu kuunganisha pakavu, halafu ndipo uguse brashi. Piga msasa namba 120, malizia na 180, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kichwa cha mbao kinanyonya kama mrija, kwa hiyo kipe vanishi iliyozimuliwa, sehemu 4 kwa sehemu 1 ya tapentaini. Ikizama ongeza, ikizama tena ongeza, mpaka pabaki pamelowa kwa dakika 10. Matundu nayo yapake kwa ndani, hata kwa kijiti cha kusafishia masikio. Plaiwudi ni hivyo hivyo: uso wake hauna neno, kingo ndizo zinazokunywa maji na kuachana tabaka. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, iache kabisa.

Sasa rangi. Rangi ya maji ya ukutani haifai. Sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao) na vanishi ya kupuliza, ambayo karakana nyingi za samani huipiga bila kufikiri, kwenye unyevu wa kudumu inafifia kuwa nyeupe halafu inabanduka. Tena usikubali sila hiyo iwekwe chini ya vanishi ya poliyurethani, haishiki vizuri. Chaguo langu ni vanishi ya poliyurethani ya mafuta moja kwa moja juu ya mbao, mikono 4 (yaani kupaka mara 4) ndani na 3 nje. Anayetaka weupe wa kurudisha mwanga apige andakoti, yaani rangi ya chini, kisha rangi ya mafuta ya kung'aa mikono 2, akijua kwamba sehemu zisizopata mwanga zitageuka manjano. Epoksi ya makopo mawili ni imara kweli, lakini chini ya nyuzi 10 inagoma kukauka, na kwenye ubaridi wenye unyevu inatoa utando wa mafutamafuta unaotakiwa kuoshwa kwa maji na kupigwa msasa kabla ya mkono unaofuata. Kwa kofia tu, naona ni gharama ya bure.

Kwa tangi la sentimita 120 kwa 45, kofia ya kimo cha sentimita 25 ina takriban mita 1.4 za mraba ndani. Lita moja inatosha ndani na nje, na kidogo itabaki. Usiache upande wa nje mtupu: ubao uliozibwa upande mmoja unapinda.

Maelekezo ya kopo yakisema saa 6 kati ya mikono, hayo ni ya nyuzi 25. Kipupwe cha Mbeya au Njombe, kila mkono upe saa 24, msasa 240 kila katikati. Baada ya mkono wa mwisho subiri wiki 2 au 3. Kipimo ni pua: funga kofia ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni usiku mzima, asubuhi unuse. Tapentaini ikisikika, bado.

Silikoni inakuja mwisho, kwa sababu rangi haishiki juu yake. Chukua ile yenye harufu ya siki, isiyoandikwa kwamba inazuia ukungu, maana ile ya kuzuia ukungu ina sumu. Pitisha uzi wa silikoni wa milimita 5 kwenye kila kona ya ndani, ulainishe kwa kidole kilicholowa, uache siku 2. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kila moja ichovywe kwenye silikoni kabla ya kukazwa. Waya wa taa nao ushuke chini ya usawa wa soketi kwanza ndipo upande kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni.