Mwanasayansi Akiingia Serikalini: Anajifunza Nini, Anaacha Nini

Nchi ikitaka kuonyesha kwamba inaithamini sayansi, huandika waraka. Huuita sera ya taifa ya sayansi na teknolojia, ikaujaza dira, malengo na dibaji ya waziri. Anayeusoma waraka huo akadhani ameijua sera bado yuko mlangoni. Sera imo kwenye mafungu ya bajeti, kwenye kanuni zinazotungwa baada ya sheria kupita, na kwenye aya zilizofutwa rasimu ilipofika wizara ya fedha. Wakuu wa Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa Januari 2007 walihimiza kila nchi ielekeze asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti. Nyingi hazijafika hapo hadi leo, ingawa hakuna iliyosimama hadharani kulipinga azimio hilo.

Kwa hiyo mtu wa maabara anayetaka kuelewa mambo haya yanavyoamuliwa ana njia mbili. Anaweza kuingia ndani: chuo kinamwazima kwa mwaka mmoja, anakaa na wabunge au maofisa wa wizara, anaandika wanachoandika na kusubiri wanachosubiri. Au anabaki nje, anasoma kumbukumbu za Bunge, anatoa ushahidi mbele ya kamati akiitwa, na anasema hadharani anachokiona. Nchini Marekani njia ya kwanza ilipata mpango maalumu mwaka 1973, pale AAAS, jumuiya kubwa ya kuendeleza sayansi nchini humo, ilipoanza kupeleka wanasayansi kufanya kazi katika ofisi za Bunge kwa mwaka mzima. Uingereza, Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya nchi hiyo, imekuwa ikiwaoanisha watafiti na wabunge na maofisa tangu 2001, na mtafiti hukaa juma moja Westminster, yalipo makao ya Bunge, akishinda nao kazini. Mimi naunga mkono kuingia ndani. Lakini hoja za wanaokataa ni nzito kuliko zinavyochukuliwa, na mpango usiozijibu ni afadhali usianzishwe.

Kinachomshtua mtafiti mwanzoni ni muda. Amezoea swali moja linaloweza kumchukua miaka mitatu. Huku anaulizwa Jumatatu na jibu linatakiwa kabla ya kikao cha Alhamisi, kwa kurasa mbili, likiwa na chaguo mbili au tatu na gharama ya kila moja. Akiandika kwamba utafiti zaidi unahitajika hajamsaidia mtu, kwa sababu waziri ataamua tu, utafiti uwepo usiwepo. Kisha anaiona rasimu yake ikizunguka. Mwanasheria analegeza kifungu kilichokuwa na amri. Wizara nyingine inataka sentensi iondolewe kwa kuwa inagusa mamlaka yake. Watu wa hazina wanauliza fedha zitatoka fungu gani. Ndiyo maana naona kosa kuwapeleka wanasayansi wote kwenye wizara ya sayansi, ambako kila mtu anakubaliana nao. Mwaka mmoja kwenye idara ya bajeti, wakiona maombi ya maabara yakishindana na ya barabara, hospitali na mishahara ya walimu, ungewafundisha zaidi.

Elimu hiyo ina thamani kwa sababu maneno ya mtaalamu hupungua yakiwa njiani. Mwaka 1988 serikali ya Uingereza iliunda kikundi cha wataalamu, kikiongozwa na Sir Richard Southwood, kuutazama ugonjwa wa BSE, ule ulioitwa kichaa cha ng'ombe. Ripoti yao ya Februari 1989 ilisema haielekei kabisa kwamba ugonjwa huo utaathiri afya ya binadamu. Ikaongeza kwamba kama makadirio hayo yamekosea, madhara yatakuwa makubwa mno. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ilirudiwa kwa miaka kama uhakika wa kisayansi, nusu ya pili ikabaki kwenye ripoti. Machi 20, 1996 serikali ikalazimika kutangaza kwamba watu walikuwa wameugua aina mpya ya ugonjwa wa ubongo, na kwamba chanzo chake yaelekea ni BSE. Uchunguzi wa Lord Phillips, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha jinsi juhudi za kuwatuliza wananchi zilivyowafanya hatimaye wajione wamesalitiwa. Mtaalamu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza angejua mapema kwamba onyo lisilokaa kwenye aya ya kwanza halimfikii waziri.

Lipo na jambo la pili linalojulikana vizuri zaidi ukiwa ndani, nalo wanasayansi hawalipendi: mara nyingine mwanasiasa anayewakatalia ana haki. Julai 1945 Vannevar Bush, aliyekuwa amesimamia utafiti wa kivita wa Marekani, alimkabidhi Rais Truman ripoti iliyotaka serikali iendelee kugharamia utafiti wa msingi hata baada ya vita. Seneta Harley Kilgore alikuwa na pendekezo lake, lililotaka umma uwe na sauti kubwa zaidi katika matumizi ya fedha hizo. Mswada uliopita Bungeni mwaka 1947 uliweka uendeshaji mikononi mwa wajumbe wasio waajiriwa wa kudumu, na mkurugenzi hakuwa mteule wa rais. Truman akaukataa kwa kura ya turufu Agosti mwaka huo: fedha za umma zisingeweza kuachiwa watu wasiowajibika ipasavyo kwa rais wala kwa wananchi. Taasisi ya taifa ya sayansi ya nchi hiyo, NSF, ilipatikana Mei 1950, na mkurugenzi wake akawa mteule wa rais anayethibitishwa na Seneti. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ucheleweshaji tu, na mimi sikubaliani na usimulizi huo. Anayeomba mabilioni ya walipa kodi hawezi kuomba pia asiulizwe.

Sasa upande wa pili. Hoja yake kubwa ni kwamba nyumba ya serikali ina adabu zake, na adabu hizo huingia mwilini taratibu. Mtafiti anayekaa na maofisa mwaka mzima anajifunza lugha yao, halafu anaanza kukisia kipi kitakubalika, halafu anaacha kuandika kisichokubalika kabla hata ya kuambiwa. Hakuna aliyemnyamazisha, kajizoeza mwenyewe. Na asiyejizoeza huona matokeo yake. Richard Garwin, mwanafizikia aliyekuwa kwenye kamati ya ushauri wa sayansi ya rais wa Marekani, aliongoza jopo lililoipitia ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, mradi ambao serikali ya Nixon iliutaka. Jopo lilishauri serikali iache kuugharamia, na ripoti ikawekwa siri. Mwaka 1970 Garwin alikwenda mbele ya Bunge kutoa ushahidi dhidi ya mradi huo, na mwaka uliofuata Bunge likakata fedha zake. Mwaka 1973 Nixon aliivunja kamati nzima pamoja na ofisi ya sayansi ya Ikulu. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda ofisi nyingine mwaka 1976. Ugomvi juu ya ndege haukuwa sababu pekee, kwani mfumo wa kuzuia makombora nao ulikuwa umewagawa washauri na Ikulu, lakini kila mshauri aliyefuata alilipata fundisho.

Uingereza yalitokea yanayofanana Oktoba 2009. Profesa David Nutt, mwenyekiti wa baraza la ushauri kuhusu matumizi mabaya ya dawa za kulevya, alieleza hadharani kwamba kiwango cha madhara ya baadhi ya dawa hakilingani na madaraja yake kisheria. Waziri Alan Johnson akamwondoa, akisema mtu hawezi kuwa mshauri wa serikali na papo hapo mpinzani wa sera yake. Hoja ya waziri nimeitafakari sana, kwa kuwa kwa mtumishi wa kawaida ingekuwa ya haki. Kwa mshauri wa nje asiyelipwa mshahara wa serikali, ambaye thamani yake yote ni kusema ushahidi unaelekea wapi, siioni haki yake. Wajumbe kadhaa wa baraza hilo walijiuzulu.

Wanaotetea kubaki nje wana mfano wao bora pia. Mario Molina na Sherwood Rowland walikuwa Chuo Kikuu cha California walipochapisha mwaka 1974 kwamba gesi za klorofluorokaboni zinaweza kuharibu tabaka la ozoni. Hawakuwa na ofisi serikalini. Walizungumza na waandishi wa habari, wakatoa ushahidi Bungeni, wakavumilia hasira ya viwanda, na Marekani ikapiga marufuku matumizi mengi ya gesi hizo kwenye makopo ya kupuliza mwaka 1978. Uhuru wao ulitokana na mahali walipokuwa. Lakini safari kutoka hapo hadi Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ilihitaji watu waliojua pia ratiba ya kupunguza gesi inavyoandikwa ili nchi ziweze kuisaini, na jinsi jopo la tathmini linavyowekwa ndani ya mkataba ili masharti yakazwe ushahidi ukiongezeka. Elimu hiyo ya pili haipatikani maabara.

Basi masharti. Mshahara wa anayeazimwa usitoke kwa ofisi anayoihudumia. Kwa wanaokwenda Bungeni, mpango wa Marekani hutegemea vyama vya kitaaluma kuwalipa, na hilo ni busara. Kazi yake chuoni ilindwe, vinginevyo watakaokwenda ni wale tu wenye kipato cha kuwabeba. Akae mzunguko mzima wa bajeti: juma moja linatosha kupiga picha na kujua milango, basi. Na maofisa nao waende maabara, maana wao ndio watakaobaki na kalamu yeye akiondoka.

Zaidi ya yote, mtu mmoja mmoja asigeuzwe mbadala wa chombo. Bunge la Marekani lilikuwa na ofisi yake ya kutathmini teknolojia tangu 1972, iliyotoa ripoti takriban 750, na bodi yake ilikuwa na wajumbe sawa wa vyama vyote viwili. Mwaka 1995 ilinyimwa fedha ikafungwa, na wataalamu wa mwaka mmoja walioendelea kuja kila msimu hawakuweza kuziba pengo hilo, kwa sababu kila mmoja huondoka na kumbukumbu zake. Bunge la Uingereza lina ofisi ya aina hiyo, POST, tangu 1989. Wanafunzi wa uzamivu huazimwa huko kwa miezi mitatu hivi, wakaandika muhtasari wa kurasa chache juu ya jambo moja, ukapitiwa na wataalamu wa nje, kisha ukachapishwa. Mbunge wa chama tawala na wa upinzani husoma maneno yaleyale, na mwananchi yeyote anaweza kuyapakua akaona kama onyo limebaki mahali pake.