Mzee kwenye usukani, hizi hasira zimetoka wapi?

Baba yangu ndo alonifundisha gari, na somo la kwanza kabisa halikuwa klachi wala gia, lilikuwa honi. Honi sio mdomo, alikuwa anasema, usiitumie kugombana na watu. Sasa ana miaka 74 na siku moja nimekaa pembeni yake, taa imewaka kijani, gari ya mbele ikachelewa kama sekunde mbili tu hivi kuondoka, mzee akailalia honi mpaka yule wa mbele kwa kupaniki akazima gari. Kisha akanigeukia, watu wa siku hizi hawajui kuendesha. Nikanyamaza, ningesema nini.

Nyumbani tukagawanyika hapo hapo. Dada anasema funguo zifichwe kabla hajaua mtu, kaka anasema mwacheni mzee, kaendesha miaka arobaini hajawahi kugonga hata kuku, nyie mnataka mumzike mzima. Kwakweli kila mmoja ana hoja, na sio ugomvi wa kwetu peke yetu.

Tuanze na dada. Macho ya mtu mzima yanapitisha mwanga kidogo kuliko ya kijana na yakipigwa na taa kali yanachelewa kurudi sawa, shingo haigeuki vizuri, na pale kwenye makutano unapotakiwa ukadirie kasi ya gari inayokuja huku unaangalia mtembea kwa miguu huku kuna pikipiki inapenya, kichwa kinachukua muda kupanga hivyo vyote. Ndo maana ajali nyingi za wazee zinatokea kwenye makutano na kwenye kukunja kona za kukatiza magari, sio za kukimbizana. Prince Philip wa Uingereza alipata ajali Januari 2019 akiwa na miaka 97, wakati anaingia barabara kuu, gari yake ikapinduka, na mwezi uliofuata akarudisha leseni mwenyewe. Mwaka huo huo mwezi wa nne kule Ikebukuro, Tokyo, mzee wa miaka 87 aliwagonga mama na mtoto wake wa miaka 3 wakafa. Yeye akashikilia kwamba gari ndo ilikuwa mbovu, mahakama ikaona alikanyaga mafuta akidhani ni breki, ikamfunga miaka 5. Japani nzima ilishtuka, na kwa mwaka huo wa 2019 madereva karibu laki 6 walirudisha leseni kwa hiari, wengi wao wazee. Sasa chukua mwili wa namna hiyo uuongezee hasira, unaona dada hajakosea.

Ila kaka nae sikiliza. Ukitaka hasira za barabarani za kweli kweli waangalie vijana wa kiume, ndo wanaofukuzana na kuovateki pasipoonekana mbele. Kwa wastani watu wakizeeka wanakuwa wapole na waangalifu zaidi, sio wakali, hii wanasaikolojia wameiona kwenye nchi nyingi. Na wazee wengi wanajipunguzia wenyewe bila kuambiwa, hawaendeshi usiku, mvua ikinyesha wanasubiri, wanapita njia wanazozijua. Hata zile takwimu za wazee kufa sana kwenye ajali, sehemu yake ni kwamba mwili umeshakuwa dhaifu, ajali ambayo kijana anatoka na plasta mzee anatoka na mbavu zimevunjika.

Halafu kuna Denmark, hii ndo imenifikirisha sana. Mwaka 2006 waliweka kipimo cha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kwa kila dereva wa miaka 70 na kuendelea anapohuisha leseni. Watafiti wakaja kulinganisha kabla na baada, ajali za vifo za madereva wazee hazikupungua, ila wazee waliokufa wakiwa wanatembea kwa miguu au kwa baiskeli wakaongezeka. Yani inaonekana watu walitolewa kwenye gari, mahali palipo salama zaidi kwao, wakawekwa barabarani bila bati la kuwakinga. Na bado hujagusa upweke, mtu aliyezoea kujiendea popote leo anaomba lifti kwa wajukuu.

Kwahiyo mi siko kwa dada wala kwa kaka, naona wote wawili wanabishana kuhusu umri wakati kilichobadilika kwa mzee ni tabia. Hebu fikiria, kama uzee kwa kawaida unampoza mtu, basi mtu aliyekuwa mpole miaka yote akianza kutukana watu kwenye makutano hiyo sio uzee tu, kuna kitu. Mzee aliyekuwa mkorofi toka ujana na bado mkorofi, huyo ni yeye yule yule. Mtu apimwe kwa alivyokuwa yeye mwenyewe, sio kwa jirani yake.

Na kitu chenyewe kinaweza kuwa kikubwa. Kuna aina ya ugonjwa wa akili kupukutika (dementia) inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu asifanye kila kinachomjia, na huo mara nyingi tabia inaharibika kabla kumbukumbu haijaguswa, tena wengi unawaanza kwenye miaka 45 mpaka 65, hata uzee wenyewe bado. Mtu wa hivyo ukimuuliza leo tarehe ngapi anakujibu freshi, ukimwonyesha picha akumbuke anakumbuka, ila barabarani hafai. Kipimo cha kumbukumbu kama kile Japani wanachowapa wa miaka 75 kwenda juu kinaweza kumpitisha. Uingereza ukifika 70 unahuisha kila miaka mitatu na hali ya afya yako unajaza mwenyewe, sasa mgonjwa asiyejijua kwamba anaumwa atajaza nini?

Inaweza pia kuwa kitu kidogo tu, dawa mpya, usingizi wa kuvunjika vunjika, goti linauma kila akikanyaga breki, masikio. Au sonona, ambayo kwa wanaume watu wazima inaweza kuja kama ukali badala ya machozi. Na kuna woga, huu watu hawausemi kabisa. Dereva ambaye vitu vinamtokea ghafla, kwasababu havioni mpaka vifike karibu, kila dakika anashtuka, na mwanaume wa miaka 74 hatakwambia nimeogopa, atapiga honi.

Nikaanza kumwangalia baba kwa jicho hilo. Mchana yuko sawa, anamwachia mtu njia, ananyoosha mkono kushukuru. Jua likishaanza kuzama ndo anabadilika, usukani anaubana mpaka vifundo vya vidole vinakuwa vyeupe, kila taa inayokuja anaisonya. Kupelekwa kwa daktari wa macho ilichukua wiki tatu za maneno (mama ndo alimaliza kesi, sio mimi), na ikaonekana ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mpaka sasa kafanyiwa jicho moja. Honi imepungua, haijaisha, waendesha pikipiki bado anawasema vibaya sana na hapo siwezi kumlaumu.

Usiku bado tunavutana. Juzi tunatoka msibani giza limeshaingia nikamwambia baba, leo niachie mimi niendeshe. Akaniangalia. Kwani mi nimekufa? Nikasema hapana baba, nimekumiss tu kukaa pembeni unanikosoa. Akakaa kimya kidogo akazungusha funguo kwenye kidole, halafu akanirushia, akaenda kukaa kiti cha abiria, na kabla hata sijawasha akasema kioo cha pembeni hujakiweka vizuri.