Mashine Haikuiua Meitheal Peke Yake

Mavuno ya zamani ya vijijini Ayalandi yakisimuliwa, neno meitheal halichelewi kutajwa. Ni majirani kukusanyika leo shambani kwa mmoja wao, kesho kwa mwingine, bila ujira ila chakula na deni la kurudishiana jasho. Sisi tungeuita ujima. Na kisa huishia palepale: trekta likaingia, ujirani ukatoka.

Nusu yake naikubali. Aliyevuna kwa mundu, mwenzake nyuma akifunga miganda, hakuweza kuiwahi mvua peke yake. Alimhitaji jirani hata kama hawapatani, na naamini wengi hawakupatana.

Lakini mashine kubwa ya kwanza haikuivunja meitheal, iliikuza. Kabla yake nafaka ilipurwa ghalani na mtu mmoja au wawili kwa súiste, fimbo mbili zilizoungwa kwa ukanda, majira ya baridi, vumbi puani. Mashine ya kupuria ya mvuke ilipoanza kuzunguka shamba hadi shamba, siku ikifika kwako ulitafuta watu hata ishirini: wa kurusha miganda, wa kukata kamba, wa kuilisha mashine, wa kubeba magunia, wa kupanga mabua. Na wote wale washibe! Shamrashamra nyingi za zamani zinazoliliwa ni za siku hiyo ya moshi na mngurumo, si za enzi ya súiste. Kilichowatawanya watu ni kombaini, inayovuna na kupura chini ya dereva mmoja.

Hata hiyo nayo ilikuta uwanja umeshapungua watu. Katika miaka ya 1950 pekee waliohama nchi walikuwa takriban 400,000, na sensa ya 1961 ikahesabu watu milioni 2.8 tu. Mwenye shamba ambaye wanawe wako London angemwita nani?

Láí nayo ina kesi yake. Ni jembe jembamba la mpini mrefu, hukanyagwa kwa mguu mmoja, na matuta yake ya viazi Kiingereza kiliyaita vitanda vya uvivu. Kejeli isiyo na haki: matuta yale yalitoa maji kwenye udongo mbichi wenye mawe, mahali plau ilikwama. Leo láí ina shindano lake ndani ya mashindano ya kitaifa ya kulima, yaliyoanza 1931. Kila mshindani hupewa kipande chake, akalima peke yake, majaji wakimtazama.